FEDHA NA FURAHA: NILIYOJIFUNZA KWENYE SANDUKU LENYE KUFULI TATU

*(Hotuba ya mweka hazina wa kwanza wa kikundi, aliyoitoa mbele ya wanachama na wageni siku ya kuadhimisha miaka 10, katika ukumbi wa Anatoglo, Mnazi Mmoja, Dar es Salaam. Imechapwa kama ilivyosemwa, isipokuwa vigelegele.)*

  

Kwanza kabisa sina budi kumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Miaka 10 si mchezo. Vikundi vingapi tulianza navyo pamoja hapa Kariakoo, na leo ukiviulizia unaambiwa vilivunjika, mwenyekiti alihama, daftari halijulikani liko wapi? Sisi tupo. Wapo pia wenzetu watatu waliotangulia mbele ya haki, ambao majina yao yatasomwa baadaye kidogo. Mungu awarehemu.

Kamati imenipa mada inayosema, "Je, fedha hununua furaha?" Nilipoipokea nilicheka. Nikasema hawa wamenitafuta mimi makusudi, kwa sababu wanajua yaliyonikuta. Basi nimekubali, na nitayasema yote. Wageni wetu mtanisamehe, leo mtasikia na ya ndani.

Bahasha mbili

Nianze na siku ya mgawo wa mwaka jana. Wanachama mnajua, kila mwisho wa mzunguko tunavunja, tunahesabu, kila mtu anachukua hisa zake na faida yake. Siku ile akina mama wawili walikuwa na hisa sawasawa. Kila mmoja alikuwa ameweka shilingi 20,000 kwa wiki, kwa wiki 48, yaani 960,000. Faida yao ikawa 182,000. Kila mmoja akapokea bahasha ya shilingi 1,142,000. Hata noti zilikuwa za aina moja.

Mmoja aliipokea, akaibusu, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaanza kucheza pale pale kabla hata muziki haujawashwa. Wa pili aliipokea, akasema ahsante, akatoka nje. Nilipomfuata nilimkuta amekaa kwenye ngazi, analia.

Fedha zile zile, siku ile ile, mlango ule ule. Kama fedha ingekuwa inanunua furaha kama tunavyonunua sukari, kilo kwa bei yake, wote wawili wangeondoka na kilo moja. Nitarudi kwao mwishoni, na wote wawili nimewaomba ruhusa.

Wahenga hawakukubaliana

Ukiwauliza wahenga, wanakuchanganya. Huyu anakwambia pesa ni sabuni ya roho. Mwingine anakwambia fedha fedheha. Tulio wakubwa kidogo tunakumbuka pia Azimio la Arusha la mwaka 1967. Shuleni tulifundishwa kwamba fedha isifanywe msingi wa maendeleo, ije kama matunda ya kazi za watu. Tukaimba tukaelewa. Halafu ikaja miaka ya 80, sukari kwa foleni, khanga kwa foleni, sabuni kwa foleni, na hata mwenye fedha mfukoni hakuwa na cha kununua. Baadaye Mzee Mwinyi akafungua milango, Kariakoo ikajaa vitu hadi barabarani, na sasa shida ikageuka: vitu vipo, fedha hakuna. Sisi wa umri wangu tumeyaona yote mawili, na raha hatukuiona katika lolote kati yake.

Kwa hiyo sitawaambia maneno ya vitabuni. Nitawaambia ya Mtaa wa Sikukuu.

Nyumba ya vyumba sita

Nilizaliwa kwenye nyumba ya Kiswahili, hapa hapa Kariakoo. Mnazijua zile nyumba: korido katikati, vyumba vitatu huku, vitatu huku, nyuma uani kuna jiko, bafu na choo, mbele kuna baraza. Marehemu baba alikuja mjini kutoka Rufiji, akanunua nyumba ile kidogo kidogo kwa kazi ya kuchukua mizigo. Ninaposema Kariakoo ni mahali pa wabeba mizigo, sisemi kwa utani. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, wale wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopigiwa kambi hapa baada ya mji kutekwa mwaka 1916. Sisi wote ni wajukuu wa mzigo.

Vyumba viwili tulikaa sisi, vinne walikaa wapangaji. Mama alikaanga vitumbua barazani alfajiri. Hatukuwa na fedha. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa sababu wapo watu wanaopenda kusema zamani tulikuwa maskini lakini tulikuwa na furaha. Aliyesema hivyo hakuwahi kuuguliwa na mtoto usiku.

Mwaka 1998, kwenye zile mvua za El Niño, mwanangu wa kwanza alishikwa na degedege saa nane za usiku. Nilikuwa na shilingi 300 ndani. Maji yamejaa barabarani, teksi iliyokubali kuja inataka mara kumi ya hizo. Na wakati huo hospitali zilikuwa zimeshaanza utaratibu wa kuchangia gharama, huwezi kwenda mikono mitupu. Jamani, usiku ule kama angetokea mtu akaniambia fedha hainunui furaha, ningemtupia ndoo.

Mama yangu akatoka koridoni akagonga mlango wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Mpangaji mmoja akatoa 500. Mwingine akatoa 1,000 ya kodi aliyokuwa anamwekea baba. Mama mmoja, muuza dagaa, akafungua pindo la khanga akamwaga sarafu zote sakafuni bila kuhesabu. Tukapanda teksi. Mtoto akapona. Leo ana watoto wawili, amekaa pale nyuma, anaona aibu ninavyomsema.

Sasa mniambie: mtoto yule aliokolewa na fedha au na watu? Nimejiuliza kwa miaka mingi. Bila zile fedha angekufa. Bila ile milango minne, fedha isingepatikana. Shikeni jambo hilo, maana ndilo nitakalolirudia.

Tulivyouza

Baba alipofariki, na mama akamfuata, tulibaki watoto watano, wanaume wawili na wanawake watatu. Ndipo madalali wakaanza kuja. Hakuna mwenye kiwanja Kariakoo asiyewajua. Leo anakuja na soda, kesho anakuja na tajiri. Mtaa mzima ghorofa zinapanda, nyumba yetu imebaki chini kama kisima. Tukauza kwa shilingi milioni 350.

Tukagawana kwa sheria ya dini. Mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja, jumla mafungu saba. Kaka zangu wakapata milioni 100 kila mmoja, sisi dada zao milioni 50 kila mmoja. Mimi nilikuwa sijawahi kuona hata milioni 2 mahali pamoja.

Sitaki kusema uongo mbele yenu. Fedha zile zilinipa furaha. Nilinunua kiwanja Chanika, nikajenga nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi, choo cha ndani. Asubuhi ya kwanza nilioga bila kupanga foleni ya bafu, nikiwa na miaka arobaini na kitu. Niliimba bafuni. Anayesema nyumba yako mwenyewe haileti raha, muulize anakaa kwa nani.

Lakini hesabu ina pande mbili, mapato na matumizi, na matumizi haya sikuyaandika siku ile. Kaka mkubwa yuko Mbagala, mdogo Kigamboni, dada mmoja Kibaha, mwingine alirudi Rufiji. Ikaja Idi ya kwanza. Zamani wote tulikuwa tunarudi Mtaa wa Sikukuu, pilau linapikwa uani, hakuna anayemwalika mwenzake kwa sababu kule ni kwao. Idi ile tulipigiana simu, kila mtu akamuuliza mwenzake, "Mwaka huu tunakutana wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Kila mtu alikula kwake. Tuliuza nyumba, hatukujua kama tunauza na Idi.

Halafu ukaja ugomvi wa milioni 5 za dalali, nani alizitoa na nani hakuzitoa. Mimi na kaka yangu mkubwa hatukusemeshana miaka minne. Msibani tulikaa pande mbili za turubai. Milioni 5, ndugu zangu. Kwa mafungu saba, deni langu mimi lilikuwa kama laki saba hivi. Nilimuuza kaka yangu kwa laki saba.

Na kule Chanika, kuna usiku mjukuu alishikwa na homa. Nilikuwa na fedha ya bodaboda na ya dawa, tayari mezani. Lakini nilitoka nje nikakuta ukuta na geti, na ng'ambo ya pili ukuta na geti. Koridoni hakuna mtu. Nikafahamu kwamba nimeipata ile fedha niliyoikosa mwaka 1998, na nimeipoteza ile milango minne.

Tulivyoanza

Ndipo mama mmoja wa mtaa wetu wa zamani akaniambia wanaanzisha kikundi, wanakutana Jumamosi. Sikuja kwa ajili ya hisa. Nilikuja kwa sababu nilikuwa nimekosa watu wa kuongea nao.

Mnakumbuka tulivyokuwa waoga siku zile. Wengine walikuwa wameshaumizwa na kijumbe aliyekimbia na mchezo. Wengine walikuwa wamepanda mbegu zao kwenye DECI, ule upatu uliosimamishwa na serikali mwaka 2009. Kila mtu alishika pochi kwa mikono miwili. Mwalimu wetu akatueleza kwamba mfumo huu wa VICOBA chimbuko lake ni akina mama wa vijijini Niger, ambako shirika la CARE liliuanzisha mwaka 1991, ukafika Zanzibar, ukafika kwetu. Kanuni zake ni nyepesi: unaweka mbele ya wenzako, unakopa mbele ya wenzako, unalipa mbele ya wenzako. Hakuna faida ya miujiza. Sanduku lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe liko kwa mtu wa nne.

Na nikasema, kumbe hili si geni. Hatua chache kutoka ukumbi huu kuna barabara yenye jina la Bibi Titi Mohamed. Kabla hajawa mwanasiasa alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na ni kupitia vikundi vya ngoma vya akina mama wa mji huu kwamba mwaka 1955 alikusanya maelfu ya wanawake wakajiunga na TANU. Vikundi vile havikuwa vya kucheza tu. Walizikana, walichangiana, walioleana. Wanawake wa Dar es Salaam wamejua siku nyingi kwamba shilingi ikikaa peke yake huwa ndogo.

Kausha damu

Sasa nafika kwenye langu. Mwenyekiti, niombee nguvu.

Mwaka wa tatu wa kikundi nilikuwa mweka hazina, na sanduku lilikaa kwangu. Mwaka huo binti yangu alichumbiwa. Fedha ya nyumba ilikuwa imekwisha, imeingia kwenye tofali. Lakini watu hawakujua. Watu walijua kitu kimoja tu: "Yule si waliuza nyumba Kariakoo?" Fedha huondoka mapema, lakini sifa yake inabaki, na wewe unabaki kuilisha sifa hiyo. Kadi za michango nilizokuwa nimeandikiwa, nilikuwa najiandikisha kiwango cha tajiri. Sasa ilikuwa zamu yangu. Nitafanya kicheni pati ya kinyonge, mimi? Sendi-ofu bila sare?

Sikutaka kukopa kwenye kikundi, maana hapa mngeuliza ni za nini. Nikaenda kwa mkopeshaji mmoja wa mtaani, hawa wa mikopo tunayoiita kausha damu. Hauliziwi kitu. Niliomba laki tano. Wakakata 50,000 ya fomu, nikapewa 450,000. Marejesho shilingi 22,000 kila siku, siku 30. Pigeni hesabu wenyewe: 660,000. Yaani kwa mwezi mmoja nimetoa 210,000 zaidi ya nilichopokea. Siku ya tisa nikashindwa. Nikakopa kwa wa pili kumlipa wa kwanza. Nikakopa kwa wa tatu kumlipa wa pili. Sherehe ikapita, picha zikapendeza, na mimi nilikuwa nadaiwa shilingi 1,800,000. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa kwa ajili ya harusi kweli kweli, na matanga niliyakalia mwenyewe chumbani, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila Jumamosi nilikuja hapa nikiwa nimevaa vizuri na kucheka kuliko wote.

Ilikuwa wiki moja kabla ya mgawo. Sandukuni mlikuwa na shilingi 3,400,000, fedha zenu, chini ya kitanda changu. Usiku huo nilikuwa nimepigiwa simu na watu watatu. Nililivuta sanduku. Nilikuwa na bisibisi mkononi. Sikuhitaji funguo, bawaba zilikuwa nyuma, skrubu nne tu. Nilifungua moja.

*(Hapa mzungumzaji alinyamaza kidogo.)*

Nilikuwa nazitazama zile kufuli. Ufunguo wa kwanza uko kwa mama muuza ndizi. Wa pili uko kwa yule mjane wa Mtaa wa Mkunguni. Wa tatu kwa binti mdogo kuliko wote, anayeuza vijora kwa kutembeza. Niliziona sura zao. Nikairudisha ile skrubu. Alfajiri nilibeba sanduku kwenye mfuko wa rambo, nikapanda daladala mpaka Buguruni kwa Mwenyekiti, nikaliweka mezani, nikamwambia yote.

Hakunitukana. Aliita watu wa funguo. Walifungua, wakahesabu, ikatimia. Kisha yule binti wa vijora akauliza, "Mama, unadaiwa kiasi gani?" Kikundi kikanikopesha kwa masharti yale yale ya kila mtu, riba yake inarudi kwetu sote siku ya mgawo. Waliwalipa wale watatu mkononi, wao wenyewe, sikupewa fedha nishike. Nilijiuzulu uweka hazina. Deni nililimaliza kwa miezi kumi na mmoja. Na tangu siku hiyo ndiyo maana fedha nyingi zinakaa benki, na sanduku linabaki na daftari na za mfuko wa jamii. Wanachama wapya mlikuwa mnauliza kanuni ile ilitoka wapi. Ilitoka kwangu.

Siku niliyokuwa na furaha kuliko zote katika miaka hii 10 haikuwa siku ya mgawo. Ilikuwa siku ile Buguruni, sina hata senti, nadaiwa milioni moja na laki nane, na watu wanne wanajua.

Wataalamu wanasemaje

Mgeni Rasmi ni msomi, asije akasema tunaongea ya vijiweni tu. Wataalamu nao wamehangaika na swali hili. Kuna ripoti ya dunia ya furaha inayotolewa kila mwaka. Wanamwambia mtu afikirie ngazi, chini sifuri, juu kumi, aseme maisha yake yako kwenye kidato cha ngapi. Mwaka 2017 Tanzania ilikuwa ya 153 kati ya nchi 155. Niliwauliza swali hilo wanachama siku moja. Mama mmoja akasema, "Nakupa jibu asubuhi au jioni? Asubuhi kabla sijauza niko cha pili. Jioni nikiuza vyote niko cha nane." Basi nikaelewa kwamba ngazi ile kwa mtu wa sokoni inapanda na kushuka kila siku, na kwamba kinachotuchosha zaidi ni kule kutojua kesho itakuwaje. Akiba inasaidia hapo. Haimpeleki mtu cha kumi, ila inamzuia asianguke cha sifuri.

Jirani zetu Kenya, huko Rarieda, Siaya, shirika moja liligawa fedha bure kwa kaya maskini kwa njia ya simu, watafiti wakafuatilia, matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Waliopewa walikula vizuri zaidi na mioyo yao ilitulia. Kwa hiyo ni kweli, fedha inaleta nafuu, tusidanganyane. Lakini walichunguza pia majirani ambao hawakupewa. Hao walipungukiwa na kuridhika na maisha yao, ingawa hawakunyang'anywa hata shilingi. Kilichowapata ni kumwona jirani amepata. Akina mama, si ndiyo sare zetu hizi? Si ndiyo kadi za michango?

Na huko Marekani wamebishana miaka mingi kama furaha inafika mahali inagoma hata fedha ikiongezeka. Mwaka 2023 waliokuwa wanapingana wakakaa pamoja, wakaona kwamba kwa watu wengi inaendelea kupanda kidogo kidogo. Lakini wapo wachache wenye majonzi mazito, na kwa hao, kipato kikishafika mahali fulani, kikiongezwa zaidi hakiwasaidii. Nafikiri hao ni kama mimi na kaka yangu. Laki saba ile hata ungeniongezea sifuri nyuma yake, isingekaa kwenye mkeka siku ya Idi.

Usiku wa moto

Nimalizie na usiku mnaoukumbuka wote. Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021. Mchana tulikuwa tumekutana, usiku Soko Kuu likawaka. Lile jengo lililofunguliwa mwaka 1975, tuliloliona kama mlima. Wenzetu wanne walikuwa na mizigo ndani. Walisimama Mtaa wa Mkunguni wanatazama mitaji yao inageuka moshi.

Kikundi kilikutana siku iliyofuata bila kuitwa. Tulisimamisha marejesho ya wale wanne kwa miezi mitatu, na mfuko wa jamii ukampa kila mmoja shilingi 150,000. Haikurudisha mzigo. Lakini mmoja wao aliniambia, "Ile laki na nusu nilinunulia karai, mafuta na unga, Jumatano nilikuwa nauza maandazi. Ningekaa nyumbani wiki nzima ningekufa kwa mawazo." Hapo ndipo nilipoipata ile milango minne ya koridoni. Kumbe haikupotea, ilihamia kwenye daftari letu.

Maombi yangu matatu

Ndugu Mwenyekiti, sitaki kuondoka na maneno matupu. Naomba yaandikwe kwenye mihtasari yafuatayo.

La kwanza, mfuko wa jamii. Tangu tuanze tunatoa shilingi 1,000 kwa wiki. Bei za leo si za miaka 10 iliyopita. Naomba tupande hadi 2,000. Gharama ya soda mbili inaweza kuwa teksi ya usiku ya mtoto wa mwenzio.

La pili, sare. Kamati ya sherehe mtanikasirikia, lakini naomba tuwe na sare moja kwa mwaka, basi. Anayeoza au kuoa, tuchange kwa kiwango kimoja sawa kwa wote, asiandikishwe mtu kiwango cha sifa.

La tatu, na hili ndilo kubwa kwangu. Kila mkutano kabla ya kununua hisa, tutenge dakika tano za madeni. Mwenye kausha damu aseme, bila kuchekwa na bila jambo kutoka nje ya mlango. Tumesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, daraja la nne, tuna katiba, tuna muhuri. Lakini muhuri haumwoni mtu anayelia moyoni. Anayemwona ni mwenzie wa kiti cha pembeni.

Nirudi kwenye bahasha

Yule aliyecheza, alikuwa na chumba kisichoezekwa, na fedha ile ilikuwa imeshakuwa bati kichwani mwake miezi sita kabla haijafika mkononi. Yule aliyelia kwenye ngazi, mkopeshaji alikuwa anamsubiri kwenye kona ya Mtaa wa Kongo. Bahasha ilikuwa yake kwa hatua mia moja tu. Nilimfahamu kabla hajasema, kwa sababu nilimwona anacheka sana Jumamosi zilizotangulia. Tulirudi ndani, nikamwambia Mwenyekiti, na watu wa funguo wakaitwa tena. Leo amemaliza kulipa, ndiye aliyepika pilau mtakalokula.

Na kaka yangu? Mwaka huu kabla ya Idi nilikwenda Mbagala na kilo tano za mchele na bahasha ya laki saba. Mchele alipokea. Bahasha alinirudishia, akasema, "Kanunue nyama, tupike kwako." Nyama ile tuliila Chanika, watoto watano wa Mtaa wa Sikukuu, uani, na geti tuliliacha wazi.

Kwa hiyo jibu langu kwa kamati ni hili. Fedha inanunua teksi ya usiku, bati, dawa na usingizi wa asiyedaiwa, na vitu hivyo si vidogo, tuendelee kuitafuta kwa bidii. Mtu wa kugongewa mlango usiku hauzwi dukani. Yeye huwekwa kidogo kidogo, kila Jumamosi, kama hisa.

 Kikundi chetu kidumu.